Mchawi, mdukuzi au mwathiriwa? Jina tumpalo mhusika ndilo hukumu yetu

JUMA lililopita wanafunzi wangu wa uzamili nusura wakosane kwa sababu ya filamu yenye umri mkubwa kuliko wao wote. Tulikuwa tumetazama Scanners, filamu ya taharuki na bunilizi ya kisayansi iliyoandikwa na kuongozwa na David Cronenberg wa Kanada, na iliyotolewa mwaka wa 1981. Inawahusu watu wanaoweza kusoma fikra za wenzao na, wakitaka, kuzivuruga hadi mwili wa mwenye fikra hizo uanze kuvuja damu.

Taa zilipowashwa, darasa lilikuwa limegawanyika mara tatu. Kundi la kwanza lilisema hii ni kazi ya mtu mwenye kipaji. La pili likasema ni damu tupu, hadithi hamna. Kundi la tatu halikuona haja ya kubishana. "Prof, hii si sayansi," mmoja wao alisema. "Hawa ni wachawi tu, ila wamevaa suti." Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao. Lakini nilipofika nyumbani kauli hiyo ilikataa kunitoka akilini.

Niseme mapema kwamba simlaumu aliyeitoa. Nilipoitazama filamu hii mara ya kwanza katika miaka ya themanini, kwenye kanda ya video iliyochakaa, niliondoka na kumbukumbu moja tu: kichwa cha mtu kikipasuka kama tikiti maji. Kwa miaka mingi, kila aliyeniuliza kuihusu nilimjibu kwa kichwa hicho. Sikuwa nimeihakiki. Nilikuwa nimeshtuka tu, nami nikauita mshtuko wangu uhakiki.

Hebu kwanza tuikumbuke hadithi yenyewe. Cameron Vale ni mtu asiye na makao, anayerandaranda katika jengo la maduka akila mabaki ya vyakula vya wengine. Kichwa chake kimejaa sauti za watu wasiofungua vinywa. Anakamatwa na kupelekwa kwa Daktari Paul Ruth, mwanasayansi wa kampuni ya usalama iitwayo ConSec. Ruth anampa dawa ya kuzizima sauti hizo, dawa iitwayo Ephemerol, kisha anamtuma amsake Darryl Revok, msomaji fikra mwenye nguvu kupindukia, ambaye anakusanya jeshi la watu wa aina yake.

Tukio lililoipa filamu hii umaarufu linakuja mapema. ConSec wamewaalika wageni ili wawaonyeshe uwezo wa msomaji fikra wao. Mtaalamu huyo anaomba mtu mmoja ajitolee kutoka katika hadhira. Anayejitolea ni Revok. Wanakaa bega kwa bega mezani, nyuso zinakunjamana, na baada ya muda mfupi kichwa cha mtaalamu wa kampuni kinapasuka. Mafundi walitengeneza kichwa bandia, wakakijaza vitu vya majimaji, kisha wakakifyatulia bunduki kutoka nyuma. Hapakuwa na kompyuta ya kuchora damu wakati huo. Ulikuwa ufundi wa mikono, na mpaka leo unatisha.

Wahakiki wa mwaka huo walipokea filamu hii kwa hisia mseto. Roger Ebert, mhakiki mashuhuri wa Chicago, aliipa nyota mbili kati ya nne. Alikiri kuwa imetengenezwa kwa ustadi, ila akalalamika kwamba haimpi mtazamaji sababu ya kuwajali watu wake. Wengine walimlaumu Stephen Lack, aliyeigiza Vale, kwa uso mkavu na sauti isiyopanda wala kushuka. Wengi walimsifu Michael Ironside kwa jinsi alivyomwigiza Revok. Watazamaji nao walijaa kwenye kumbi, na filamu ikafaulu kibiashara kiasi cha kuzaa nyingine mbili, mwaka wa 1991 na 1992, ambazo Cronenberg hakuziongoza.

Sasa, kuna watu hudhani kuwa kazi ikipokelewa kwa maoni yanayokinzana, basi ukweli uko katikati: si nzuri sana, si mbaya sana. Huo ni uhakiki wa kupiga kura. Neno lenyewe, kuhakiki, limebeba maana ya kuutafuta ukweli wa jambo. Mtu hatafuti ukweli kwa kujumlisha sifa na lawama kisha kugawa kwa mbili. Swali la maana zaidi ni hili: je, wanaokinzana walikuwa wakizungumzia kitu kimoja?

Mwanazuoni Mjerumani Hans Robert Jauss, mmoja wa waasisi wa nadharia ya upokezi, alitufunza kuwa msomaji haijii kazi ya sanaa akiwa mtupu. Anakuja na upeo wake wa matarajio, yaani mambo anayotegemea kuyakuta kutokana na kazi nyingine alizowahi kuzisoma au kuzitazama. Aliyeingia ukumbini mwaka wa 1981 akitarajia filamu ya kutisha alikipata kichwa chake dakika chache baada ya kuketi, kisha akangoja vichwa vingine ambavyo havikuja upesi. Akachoka. Aliyeingia akitarajia filamu ya kijasusi alikerwa na damu. Kila mmoja alitoka na hukumu, na kila hukumu ilikuwa ya haki kwa filamu aliyokuwa ameibeba kichwani mwake.

Ipo filamu ya tatu ambayo wengi hawakuiona, nami nilikuwa mmoja wao. Filamu hiyo inahusu dawa.

Tunapokaribia mwisho, Revok anamfunulia Vale siri. Ephemerol haikubuniwa ili kuzima sauti. Ilibuniwa na Daktari Ruth miaka mingi nyuma kama dawa ya kuwatuliza wanawake wajawazito. Watoto waliokuwa matumboni ndio waliozaliwa na uwezo huu wa kutisha. Ruth alianza kwa kumpa dawa hiyo mke wake mwenyewe, na watoto wake wawili ndio wenye nguvu kuliko wote: Revok na Vale ni ndugu. Baba alimwacha mmoja aingie wazimu na mwingine alale barabarani, kisha akamtuma mmoja akamsake mwenzake. Na Revok, badala ya kuililia dawa hiyo, ameamua kuieneza kwa wajawazito wengine kupitia kwa madaktari, ili azaliwe umma mpya utakaomtii yeye.

Mtazamaji wa Kanada wa mwaka wa 1981 hakuhitaji kuelezwa jambo hili linatoka wapi. Mwaka wa 1957 dawa iitwayo thalidomidi ilianza kuuzwa katika Ujerumani Magharibi. Wajawazito waliimeza ili kutuliza kichefuchefu cha asubuhi, wakiwa wamehakikishiwa kuwa haina madhara. Watoto zaidi ya 10,000 ulimwenguni walizaliwa na kasoro, wengi wao wakiwa na mikono au miguu iliyodumaa. Ujerumani iliiondoa sokoni Novemba 1961. Huko Kanada iliendelea kupatikana hadi Machi 1962. Marekani iliponea kwa sababu Frances Kelsey, daktari mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi katika mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, alikataa kuiidhinisha kabla ya kupewa ushahidi wa kutosha. Cronenberg, aliyezaliwa Toronto mwaka wa 1943, alikuwa kijana wa miaka 18 au 19 habari hizi zilipokuwa zikienea.

Tukishalijua hilo, filamu inageuka mbele ya macho yetu. Hawa si watu waliojaliwa vipawa. Ni watoto wa kosa la kitabibu waliokua bila kuelezwa kilichowapata. Vale ananyanyua mguu mmoja kutoka jalalani na mwingine tayari uko mikononi mwa kampuni ya silaha. Revok alipokuwa kijana, kwenye picha za zamani za hospitali ya wagonjwa wa akili, tunamwona akiwa amejitoboa tundu kwenye paji la uso ili sauti zipate pa kutokea. Halafu yupo Benjamin Pierce, msanii wa uchongaji, ambaye sanaa ndiyo inayomzuia kupagawa. Vale anapomtembelea, wanazungumza wakiwa wameketi ndani ya kinyago kikubwa cha kichwa cha binadamu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, vichwa katika filamu hii ni vitatu: kilichopasuka, kilichotobolewa na kile ambacho mtu amejificha ndani yake. Wahakiki waliofurahi na walionuna walikitazama kimoja tu. Viwili vilivyobaki ndivyo vinavyotuambia kwamba mwenye nguvu hizi anateseka.

Ndipo ninarudi kwa mwanafunzi wangu na wachawi wake wenye suti. Hakuwa anafanya mzaha tu. Alikuwa anafanya kazi ambayo sote wapenzi wa Kiswahili tunaifanya kila siku bila kuiwazia: alikuwa anaifasiri filamu. Na mfasiri akishateua jina, ameshatoa hukumu.

Tuyapime majina tuliyo nayo. Tukisema mchawi, tumetia nia mbaya ndani ya nguvu zenyewe. Katika fikra za watu wetu, mchawi hajikuti na uchawi tu hivi hivi. Anautumia, na anautumia kudhuru. Hahurumiwi, anaogopwa. Tukisema mwaguzi, tumesogea upande wa pili: huyu ni mtu anayeona yaliyofichika kwa manufaa ya wanaomwendea, na mara nyingi hulipwa kwa hilo. Tukisema ana pepo, tumemwondolea lawama, lakini pia tumeiondoa dawa na aliyeitengeneza. Pepo hana kiwanda.

Yapo majina mengine. Kuku hupekua mchangani akitafuta punje, na mpekuzi ni mtu afunuaye yasiyomhusu. Wapekuzi lingekuwa jina zuri la filamu hii, kwa maana linabeba ile adha ya kuingiliwa faragha. Linalonivutia zaidi ni dukuzi. Wazee walilitumia kwa mtu mwenye tabia ya kutega sikio asikie siri za watu. Leo mdukuzi ni yule anayeingia katika kompyuta za wenyewe bila idhini. Katika filamu, Vale anasimama kwenye kibanda cha simu, anashika mkono wa simu na kuipenya kompyuta ya ConSec kwa nguvu za akili yake kupitia waya, kana kwamba mashine nayo ina neva. Mwaka wa 1981, watu wengi walipokuwa hawajaigusa kompyuta! Lugha yetu imeziunganisha maana hizo mbili katika neno moja, naye Cronenberg aliziunganisha katika tukio moja.

Hata hivyo, mpekuzi na mdukuzi ni majina ya mtu anayetenda. Hayatuambii alitendwa nini. Ndiyo sababu nimewaandikia wanafunzi ubaoni neno la nne: mwathiriwa. Halina utamu wala halitauza tikiti, lakini linatulazimisha kuuliza swali ambalo neno mchawi linalizima: aliathiriwa na nani?

Wenye kupenda nadharia watakumbuka kuwa Darko Suvin alieleza bunilizi ya kisayansi kuwa fasihi inayomweka msomaji mbele ya jambo geni, kisha ikalifafanua jambo hilo kwa njia ambayo akili inaweza kuifuata. Kitabu chake kikuu kilitoka mwaka wa 1979, wakati akifundisha katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal. Mwaka huo huo, katika jiji hilo hilo, Cronenberg alikuwa akipiga picha za Scanners. Sidai kuwa walishauriana. Ninachosema ni kwamba kwa kipimo cha Suvin, kidonge cha Ephemerol ndicho kinachoitofautisha filamu hii na hadithi ya mazimwi. Ukikiondoa, mwanafunzi wangu yuko sahihi. Ukikiacha mahali pake, wenye nguvu hizi wana chanzo, wana tarehe ya kuzaliwa na wana mtu wa kushtakiwa.

Hivi, nimegeuka wakili wa Cronenberg? La hasha. Malalamiko mengine ya wahakiki yana mashiko. Filamu ilianza kupigwa kabla ya mswada kukamilika. Sheria ya kodi ya Kanada ya miaka hiyo iliwapa nafuu kubwa wawekezaji wa filamu, na fedha zilipopatikana zilitakiwa zitumike kabla ya mwaka kwisha. Cronenberg mwenyewe amewahi kueleza jinsi alivyokuwa akiandika asubuhi kile kitakachopigwa picha siku iyo hiyo. Mishono inaonekana. Siri kubwa za hadithi zinamwagwa kwa mazungumzo marefu karibu na mwisho, kana kwamba mwalimu amekumbuka dakika tano kabla ya kengele kwamba hajamaliza silabasi.

Kuhusu Stephen Lack, nimebadili msimamo nusu. Mtu ambaye maisha yake yote amejazwa sauti za wengine, na ambaye ametulizwa juzi tu, hatarajiwi kuzungumza kwa madaha. Ule ukavu unamfaa Vale mwanzoni. Lakini mwigizaji alipaswa kutuonyesha mtu huyo akianza kuipata sauti yake mwenyewe kadiri hadithi inavyosonga. Hatukuonyeshwa hilo. Hapo Ebert alikuwa na haki yake: ni vigumu kumjali mtu asiyebadilika.

Kasoro kubwa zaidi, ambayo nimeona ikitajwa mara chache, ni ya akina mama. Hii ni hadithi ya dawa iliyomezwa na wanawake, lakini hatumsikii hata mmoja wao akisimulia. Mke wa Ruth, mama wa mashujaa wote wawili, ni kivuli ndani ya maelezo ya wanaume. Kim Obrist, mhusika mkuu wa kike, ana ujasiri, ila kazi yake kubwa ni kumfuata Vale. Filamu inayotaka tuone dhuluma ya kuamuliwa mambo ya mwili wako bila kuulizwa inawanyima neno wale wale walioamuliwa.

Na bado tukio bora kuliko yote limo humo humo. Kim ameketi katika chumba cha kungojea cha daktari. Karibu naye ameketi mwanamke mjamzito, mtulivu, asiye na habari. Ghafla Kim anahisi akili yake ikiguswa. Anatazama huku na huku asimwone wa kumshuku, kisha anaelewa: anayemsoma ni mtoto aliye tumboni. Hakuna damu hapa, hakuna kichwa kinachopasuka. Pana viti, mama mmoja na kidonge alichoandikiwa na daktari anayemwamini. Darasani, hapo ndipo palipoingia kimya. Waliocheka na walionuna walinyamaza pamoja.

Huenda msomaji akauliza kwa nini profesa mzima anahangaika na jina la watu wasiokuwepo. Ninahangaika kwa sababu neno mchawi halibaki ukumbini. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa kwa kudaiwa kuwa wachawi. Kilifi nako wazee wameuawa kwa tuhuma kama hizo, wengine kwa sababu tu wana mvi na shamba. Mahali ambapo jina hilo linaweza kumfikisha ajuza kaburini, sisi walimu wa lugha hatuna anasa ya kulitumia kama kifupisho cha kila tusichokielewa, hata tunapozungumzia sinema ya Kanada. Mazoea ya kuuliza chanzo hujengwa kwa mambo madogo, na darasa la fasihi ni mahali pazuri pa kuanzia.

Katama Mkangi alitupa riwaya ya Walenisi mwaka wa 1995, inayomsafirisha mhusika wake hadi nchi ya mbali yenye jina linaloonekana geni, hadi msomaji alitamke polepole: wale ni sisi. Ninadhani hilo ndilo jambo ambalo kundi la tatu darasani mwangu lilikosa. Waliwaona wale, hawakujiona wao, ambao mama zao nao walimeza vidonge kwa kuamini neno la daktari.

Nimewapa kazi ya kuandika. Kila mmoja atasimulia upya tukio la chumba cha daktari kwa Kiswahili, kwa sauti ya yule mama mjamzito, bila kutumia neno mchawi wala neno pepo. Wawili tayari wamenijia ofisini kulalamika kwamba ni kazi ngumu, kwa kuwa mama huyo, wanasema, hajui lolote linaloendelea. Nimewaambia waanzie hapo hapo.